Mtungi wa Kigiriki na Bia za Onésime

Anderlecht, Bruxelles
12 Mei 2025

Mpendwa yaya Kabeya, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Habari za Lubumbashi? Mgongo unaendeleaje, na ile dawa niliyokutumia Krismasi umeinywa au umeiweka juu ya kabati kama kawaida yako? Wifi yangu Nday hajambo? Sisi ni wazima, Mungu asifiwe. Magoti yangu tu ndiyo yanalalamika, kwa kusimama mchana kutwa.

Najua unashangaa kwa nini wiki tatu sasa sishiki simu zako. Simu yangu ni nzima. Nimekukasirikia. Nimeamua kuandika kwa kalamu na kumpa Maman Sidonie, anayesafiri kesho, kwa sababu kwenye simu ungenichekesha na hasira ingeisha kabla sijasema neno. Kaa chini usome taratibu.

Unakumbuka nilipata kazi ya ulinzi kwenye makumbusho. Usifikirie bunduki. Nalinda chumba cha mitungi ya Wagiriki wa kale, na kazi yangu ni kusema "usiguse" kwa Kifaransa na kwa Kiflama. Mitungi imechorwa watu. Wanaume wanapigana au wanakunywa, na wengi hawana nguo, sijui baridi hawakuisikia. Wanawake wamevaa vizuri na kila mmoja ana kazi: huyu anasokota uzi, yule anafuma, wengine wanasubiri zamu ya kuteka maji. Siku ya kwanza nilisema moyoni, hawa nawafahamu.

Mara tatu kwa wiki anakuja Lina, msichana anayewatembeza wageni, naye husimama kwenye mtungi uleule. Umechorwa mwanaume kwenye gari la farasi, amembeba msichana, na nyuma kuna mama mtu ameinua mikono. Hadithi yake nimeisikia mpaka naiota. Mama ni Demeta, mungu wa nafaka. Binti ni Persefone. Mwanaume ni Hades, bwana wa kuzimu. Lakini Hades hakuiba tu: alikuwa ameshaongea na baba wa msichana, Zeu, na Zeu akakubali bila kumwambia mama. Na huyo Zeu, usishtuke, alikuwa pia kaka wa mama. Wagiriki walikuwa na mambo yao. Lina anasema hata huko Athene kwa watu wa kawaida ilikuwa hivyohivyo: baba na mchumba wanaelewana, msichana wa miaka kumi na minne anashikwa kifundo cha mkono anapelekwa, na mama kazi yake ni kubeba mwenge.

Demeta akagoma. Hakuna mbegu iliyoota duniani mpaka Zeu akatetemeka na kuamuru binti arudishwe. Shida ni kwamba kule kuzimu binti alikuwa ameshakula punje za komamanga, kwa hiyo ikabidi kila mwaka arudi kwa mume miezi kadhaa.

Wageni wote huuliza hapo: punje chache tu, kwa nini? Lina huwajibu kwa maneno marefu. Siku moja nilishindwa kuvumilia, ingawa mlinzi haruhusiwi kueleza kitu, nikawaambia wazee wa watu kutoka Ghent kwamba msichana amekula cha ukweni, basi, mambo yamekwisha. Wakaandika kwenye madaftari yao. Tangu siku hiyo Lina akifika kwenye komamanga ananiangalia mimi.

Sasa njoo nyumbani kwangu. Jumamosi moja nafungua mlango wa balkoni kuanika nguo, nakuta kreti ya bia, chupa zote tupu, na chupa ya wiski yenye utepe shingoni. Nikamwita Onésime. Unamjua shemeji yako alivyo akifanya kosa? Anaanza kutafuta miwani.

"Ni bière tu, Victo," akasema. "Papa mudogo ya Ghislain alipita, bon, akasalimia."

"Na wiski?"

"Muntu analeta kinywaji, donc minamufukuza?"

Ghislain ni kijana anayemchumbia Sephora wetu. Anaendesha metro, mstari wa tano. Yaani, yaya, mkwe mwenyewe kazi yake iko chini ya ardhi! Na Onésime anajua vizuri kama mimi na wewe: kinywaji cha kwanza kikinyweka, familia imekubali. Mtoto mmoja niliye naye wa kike ameposwa nikiwa kazini nawalinda wanawake wa Kigiriki.

Sikupiga kelele. Lina alishatuambia kwamba wanawake wa kule walikuwa na sikukuu ya huyo Demeta, siku tatu, wao peke yao, wanaume hawasogei. Nikaweka khanga na Biblia kwenye mfuko, nikaenda kwa Maman Sidonie, Ganshoren. Wamama wanne wa kwaya wakanifuata. Hawakuuliza Demeta ni nani, walisikia tu siku tatu bila kupika. Siku ya pili Onésime akatuma picha ya bukari ya unga wa mahindi aliyosonga mwenyewe, anauliza kwa nini imekuwa hivyo. Tuliipitisha mkono kwa mkono. Maman Sidonie alicheka mpaka akaomba maji.

Siku ya tatu akaja Sephora. Nilijua amekuja kulia na mimi. Akakaa, akavua viatu, akasema:

"Maman, usimukasirikie papa. Mi njo nilimutuma Ghislain. Nilijua ukiulizwa, utaanza kusema ningoje diplôme, ningoje appartement, ningoje… Ningefika miaka quarante."

Yaya, hapo niliumia kweli. Persefone wangu alipanda gari la farasi mwenyewe, na alishika hatamu. Nikamwuliza, basi familia ya mama nayo mmeipita hivihivi? Mjomba wake hajui?

"Tonton Kabeya? Alisema oui tangu mwezi wa tatu."

Akanionyesha picha kwenye simu. Ni wewe, uani kwako, umeshika kamba, na mwisho wa kamba kuna mbuzi mkubwa mweupe aliyeletwa na familia ya Ghislain. Unacheka mpaka jino la dhahabu linaonekana. Picha ya pili mbuzi hayupo, kuna sufuria. Nimeolewa na Zeu na nimezaliwa na Zeu mwingine tumbo moja.

Nimerudi nyumbani, usiogope. Ghislain ni mtoto mzuri. Ana heshima na anampenda, nimemwona anavyombebea mkoba. Harusi ya kimila ni tarehe ishirini na nane Juni. Orodha ya vitu vya kuleta nimeiandika mimi, na Onésime ameisaini bila kubisha. Vitenge vyangu nimevifuta. Mahali pake nimeandika: Sephora aje kula kwa mama yake kila Jumapili, na mume wake. Papa mdogo wa Ghislain ameisoma mara mbili, akaomba miwani ya Onésime.

Koti la mjomba nimeliacha kwenye orodha, pamoja na viatu. Bila baraka yako mtoto hatoki, na mimi sitaki kumwekea kikwazo. Lakini ninyi wote, baba, mjomba, hata binti mwenyewe, mlidhani mnajua jibu langu.

Wasalimie sana Nday, binti yenu Emmanuella na watoto wake. Mungu awalinde wote nyumbani kwako na akunyooshe mgongo. Jumapili mchana nipigie, nitashika. Usianze na utani. Niulize kwanza, "Victorine, unasemaje kuhusu hii ndoa?" Nitakuambia ndiyo. Ningesema ndiyo tangu mwezi wa tatu.

Mdogo wako, anayekupenda hata akinuna,
Victorine