Kahawa Kwenye Jeraha

Baba, shikamoo.

Ndizi zimefika salama. Nakuandikia sijavua hata sare ya unesi, kwa furaha niliyonayo siwezi kutulia.

Asubuhi aliletwa fundi kutoka Nyakato, bati limemkata paja. Tulikandamiza jeraha, nikamchoma mshipani dawa ya kusaidia damu kuganda, ambayo haifai saa tatu zikishapita tangu mtu aumie. Tuliwahi. Jioni hii ameomba uji, Baba.

Wenzake walikuwa wamemjazia unga wa kahawa kwenye jeraha, kama ulivyomfanyia kaka Muganyizi siku aliyotutoka. Sikuwakaripia. Wakati ule zahanati yetu haikuwa na dawa hii. Ulitumia ulichokuwa nacho.

Mama anasema hujaonja kahawa tangu mazishi. Kesho akikuchemshia, kunywa.

Binti yako,
Kokulinda