Kanali na Mtu Wake wa Redio

Bruxelles, Jumapili mchana

Papa yangu mpendwa,

Naanza na goti lako, maana kwenye simu ulisema "linaendelea" na hukusema linaendelea kwenda wapi. Na maman, je, vidonge vya presha anavimeza, ama anavigawa tena kwa majirani? Mvua za hapo Uvira zimepungua? Sisi huku ni wazima. Watoto wanasoma, mimi nafanya kazi, mwili hauna shida. Ila siwezi kutulia. Nikikaa, nasimama. Nikipanda bus, nashuka Porte de Namur na kumalizia kwa miguu mpaka Flagey, mbio mbio, kama vile kuna muntu nimemwacha anasubiri. Bon, nitakueleza.

Uliniuliza huyo mzee mwanajeshi ninayemtunza ni mtu wa namna gani, laini ikakatika. Jibu lake ni refu, ndiyo maana nimechukua karatasi. Mama Vumilia anasafiri Alhamisi, atakuletea mkononi. Kifaransa nimejaribu kukiacha pembeni, najua hupendi nikichanganya.

Anaitwa Mikola. Ana miaka sabini na tisa, septante-neuf, ndivyo wanavyohesabu Wabelgiji. Mimi namwita papa Kolonel, naye ananiita madame Mapendo, na kila nikiingia anasimama kunisalimu, hata siku ambazo kusimama kunamchukua dakika nzima. Ni mtu wa Ukraine, wa mji wa Kharkiv. Alikimbia mabomu pamoja na binti yake Oksana. Kwao Oksana alikuwa mwalimu wa hesabu. Hapa anasafisha ofisi kule Schuman, anatoka alfajiri, mimi naingia saa mbili kumwogesha mzee, kumpa dawa na kumtembeza.

Kifaransa alifundishwa kwenye chuo cha maofisa. Siku yangu ya kwanza aliniangalia usoni akauliza, polepole kama mtu anayesoma ubao: "Kikosi chenu kina vifaru vingapi?" Niliganda na beseni mkononi. Kumbe alikuwa ananionyesha sentensi ya kwanza waliyomfundisha, ya kuhoji mateka. Mkate, maji na asante amevijulia hapa, uzeeni.

Papa, huyu mzee alikuwa ofisa wa jeshi la Soviet. Aliingia ana miaka kumi na saba, mtoto wa fundi wa reli. Akiwa luteni kijana walimpeleka na vifaru kuingia Czechoslovakia, na wananchi wakageuza vibao vya barabarani, akapotea na watu wake siku mbili nzima. Anasema kuanzia hapo aliacha kuamini vibao, akawa anaangalia watu. Kisha akakaa miaka mingi kwenye mpaka wa China, kwenye baridi ya kupasua chuma, na huko ndiko Oksana alikozaliwa. Kisha Afghanistan, akiwa meja mwenye batalioni yake. Alirudi na nishani ya Nyota Nyekundu, wakampandisha mpaka kanali. Halafu nchi aliyoapa kuilinda ikafutwa kwenye ramani, kama Zaire yako.

Nishani zote ziko kwenye koti lake la jeshi, ndani ya kabati, limefunikwa na nailoni. Oksana hapendi lionekane. Anasema waliobomoa shule yake wametoka katika kambi zilezile alimokuwa baba yake. Mzee anafunga mlango wa kabati. Mimi napita kati yao na vikombe vya chai.

Alors, mwezi wa tatu alikuja mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, anakusanya habari za wazee waliokimbia vita. Mzee akakubali. Alizungumza vizuri, tarehe na vyeo kwa mpangilio, hadi kijana alipomwuliza ile Nyota Nyekundu aliipata kwa kitendo gani. Hapo akasema amechoka. Kijana akaaga. Mimi nilikuwa jikoni nachambua sombe, majani ya mihogo, nikasikia fimbo inakuja. Aliketi mbele ya beseni langu, akaanza kunieleza bila mimi kuuliza.

Kule Afghanistan walikuwa wanasindikiza msafara wa magari ya mafuta na chakula milimani. Barabara inaingia kwenye korongo. Makao makuu wakaamuru kwa redio: piteni kabla ya jioni. Lakini yeye aliona kwamba wachungaji waliokuwa pale kila siku hawapo, hata mbuzi mmoja hayupo. Akaomba kusubiri, wakakataa. Amri ikaja mara ya pili. Mtu wake wa redio alikuwa askari wa miaka ishirini, Rustam, Muuzbeki, mtoto wa mwalimu wa kijiji. Mzee akamwambia, "Usijibu. Wewe hujasikia kitu." Rustam akavua vile vya masikioni, akaviweka magotini.

Wakalala pale uwandani. Asubuhi akatuma watu juu ya vilima. Wakakuta mitego ya mabomu barabara nzima, na mahali pa bunduki pameandaliwa pande zote mbili. Zaidi ya watu mia wangekwisha pale. Hakufa hata mmoja.

Sasa wakubwa wakawa na shida. Ushindi ulikuwepo, nao waliutaka. Lakini kwenye daftari la redio kulikuwa na amri isiyojibiwa, na meja aliyekaidi amri hapewi nishani, anapelekwa mahakamani. Donc wakaandika kwamba msafara ulisimama kwa busara ya makao makuu, na kwamba ukimya wa redio ni kosa la Rustam, alisinzia akiwa zamu. Karatasi ikaletwa mezani kwa meja. Aliyeileta hakumtisha, alimkumbusha tu kwamba ana mke na mtoto. Akatia sahihi. Yeye akapewa nyota. Rustam alipelekwa kikosi cha adhabu miaka miwili.

Nilimwuliza kama Rustam alijitetea. Akaniambia kijana alimtazama mara moja tu, akangoja aseme kitu, halafu akaacha kungoja.

Papa, tangu siku ile ndipo kutulia kulinitoka. Nilikuwa namvisha soksi huku nikimkasirikia. Nilitaka kuomba nibadilishiwe mteja, nikaandika hata message, nikaifuta. Na yeye mwenyewe alianza kuzunguka chumba, dirishani, mlangoni, dirishani. Mwishowe nilimwambia yale niliyokuwa nayo moyoni: "Papa Kolonel, mimi siwezi kukusamehe, sikuwepo. Mtafute Rustam mwenyewe."

Oksana ndiye aliyetafuta. Alikuwa hajui kitu. Baba yake alimweleza mezani, na binti akaondoa sahani zote, akafungua computer. Ilimchukua wiki tatu, kupitia kurasa za askari wa zamani. Rustam yuko hai, Tashkent, anatengeneza mafriji.

Tulipiga siku ya Jumamosi. Oksana alinitafsiria kwa sauti ndogo. Mzee alisema jina lake, cheo na namba ya batalioni, kama anaripoti kazini. Kisha akaanza kueleza, akaomba radhi. Rustam alimwacha amalize, halafu akasema: "Usiniambie mimi. Mimi nilikuwepo. Mwambie mwanangu."

Akatupa namba ya mwanawe wa pekee, Timur, mtu mzima sasa, akatueleza habari zake. Alipokuwa shuleni wenzake walimwambia baba yake alilala akiwa zamu vitani. Alitaka kuwa mwanajeshi, wakamkataa kwa sababu ya faili la baba. Aligombana na baba yake, na miaka mingi wanaongea ya sikukuu tu.

Kesho yake mzee aliniomba nilitoe koti. Nilimtazama Oksana. Akaondoa nailoni yeye mwenyewe, akamfunga baba yake vifungo. Timur akatokea kwenye simu, uso mgumu, amesimama karakanani. Mzee naye akataka kusimama. Nilimshika kiunoni kwa nyuma ili asianguke, na hivyo nilihisi kila neno likipita mgongoni mwake.

Akasema: "Baba yako hakulala. Mimi nilimwamuru anyamaze, na yeye akatii. Nishani hii ilikuwa yake. Niliogopa, nikatia sahihi."

Timur aliuliza swali moja: kwa nini sasa. Mzee alisema alikuwa na miaka yote hiyo na aliiacha ipite. Simu ikakatwa. Hatukujua ni mtandao ama ni mkono wa Timur.

Mwezi mzima hakuna habari. Mzee hakula vizuri, hata bugali na sombe ambavyo alikuwa amezoea. Tulikuwa tunazunguka yale mabwawa ya Flagey mara tatu, mara nne, mpaka mimi nachoka kabla yake, simu ameishika mkononi kama redio. Koti alilirudisha kabatini, lakini ile nyota aliing'oa, akampa Oksana aitume Tashkent.

Juzi Ijumaa simu ililia tukiwa kwenye benchi. Alikuwa Rustam. Oksana hakuwepo, kwa hiyo sikuelewa neno, niliangalia uso tu. Mzee alikuwa mweupe, kisha mwekundu, kisha akaanza kubisha, anapigapiga fimbo chini. Nilidhani wanagombana. Alipomaliza alinieleza. Nyota imefika. Timur aliileta mwenyewe nyumbani kwa baba yake, akakaa mpaka jioni. Rustam hakusema amesamehe, na mzee hakumwuliza. Badala yake alimwuliza kama anakumbuka jina la mpishi wao, yule aliyekuwa anaunguza uji kila asubuhi. Mmoja anasema Vasili, mwingine anasema hapana. Watapigiana tena Ijumaa, kila mtu akiwa amefikiri.

Papa, wewe ulivaa gwanda la Zaire miaka ishirini na mbili, na sisi watoto wako tunajua tu kwamba ulirudi kwa miguu, na kwamba redio ikisema habari za vita unatoka nje. Sikuulizi kwa kukushtaki. Nimemshika mzee mmoja kiunoni akisema yake, nikawaza ni nani angekushika wewe.

Mpe maman salamu zangu na umwambie vidonge ni vyake peke yake. Msalimie dada yangu mkubwa, yaya Safi, fundi wetu wa cherehani, na mjomba wetu, tonton Mwalimu, anayekusomea barua macho yakichoka. Hii isome mwenyewe kwanza. Mdogo wangu Bahati, anayekukanda goti, mwambie viatu vyake viko kwa mama Vumilia.

Na ukipata nafasi, niandikie. Si lazima iwe habari ya vita. Anza na jina la mpishi wenu.

Ni mimi binti yako,
Mapendo