Koti la Magesa na Picha za Bani

Shamba la Tumbaku,
Chunya, kupitia Mbeya.
25 Februari, 1973

Mpendwa mwanangu Severina,

Kamwene. Sasa ni mwaka na miezi minne tangu nipande basi pale Iringa, nikamwacha kaka yangu, baba yako Bartolomeo, amesimama ameshika kikapu cha mahindi ya kuchemsha niliyopaswa kula njiani. Tulikisahau wote wawili. Je, hujambo? Joto la Dar es Salaam linakuacha ulale? Kifua chako kimepona? Mimi ni mzima, ila mgongo tu. Mgongo huu ni wa kazi, si wa ugonjwa, kwa hiyo usiwaandikie nyumbani wakaanza kunitafutia dawa.

Barua yako ilifika na lori la mbolea. Niliisoma mara nyingi, maana ni mara ya kwanza mtu wa Chuo Kikuu kuniomba msaada, mimi niliyeishia darasa la nne. Nimeelewa kwamba katikati ya mwezi wa tatu utasimama mbele ya wenzako ueleze jinsi kukausha tumbaku kunavyomaliza misitu. Nimeelewa pia kwamba maktaba nzima umekuta picha za mabani ya Rhodesia tu, na mwalimu wako amesema bila picha za hapa kwetu hatakuruhusu kusimama. Basi tulia. Picha zimo ndani ya bahasha hii, katikati ya makaratasi magumu. Zitoe polepole.

Ila ngoja nikueleze zilivyopatikana, usije ukadhani nilizembea.

Mjini Mbeya yuko mpiga picha anaitwa Andendekisye, mtu hodari, jina lake limepigwa muhuri nyuma ya kila picha. Nilimtumia salamu na dereva wa lori kwamba tunataka kupigwa picha mbele ya bani, yaani ile nyumba ndefu ya matofali tunamotundika majani ya tumbaku na kuyakausha kwa moto. Akaja Jumapili. Wewe unajua picha kwetu ni kitu gani. Mtu aliye mbali hapigwi picha ili watu waone kazi yake, anapigwa ili mama yake aone kwamba hajafa wala hajakonda. Kambi nzima ilikuwa imekoga. Limbu, Msukuma tunayelala naye chumba kimoja, alivaa viatu juu ya soksi mbilimbili ili vimtoshe. Koti lilikuwa moja tu, la Magesa, mtu wa Musoma. Basi likawa linavuliwa huyu akishapigwa, linavaliwa na anayefuata. Na mimi nililivaa, sikufichi.

Andendekisye naye alipouona ukuta wa bani umejaa masizi, alisikitika. Alitoa pazia lake lililochorwa ndege ya abiria na maua mekundu, akalitundika ukutani. Sisi tukamshukuru.

Picha zilipokuja zimesafishwa ndipo nikashtuka. Wanaume kumi na koti lilelile, kila mmoja ameweka mkono juu ya redio ya mnyapara, nyuma yao ndege inapaa. Bani halionekani. Kuni hazionekani. Nikajiuliza, mwanangu atasimama mbele ya wasomi aseme nini? Kwamba misitu ya Chunya inaliwa na ndege?

Wenzangu walizifurahia sana, wakazituma kwao. Mimi niliomba ruhusa kwa mnyapara nikapanda lori mpaka Mbeya. Nilimweleza Andendekisye kwamba safari hii aje siku ya kazi, na pazia aliache nyumbani. Alikataa. Alisema yeye hapigi watu wachafu, watu wataona jina lake nyuma ya picha ya namna hiyo na kusema ameishiwa wateja. Nikamwambia muhuri asigonge. Akauliza huyo mtoto anasoma nini. Nilipomwambia utasimama mbele ya watu na picha zitawashwa ukutani kwa mashine ya taa, zionekane kubwa kama mlango wa kanisa, alisema, "Kubwa hivyo? Basi nitagonga."

Alikuja Jumatano tukiwa tunajaza bani. Kumbe shida haikuwa yake, ilikuwa yetu. Watu walipoona kamera walikimbia kama imekuja kodi. Mwanangu, kazi ya tumbaku mbichi ina utomvu unaoganda mikononi mweusi kama lami, na shati la kazi ni tundu tupu kwa cheche za moto. Hakuna aliyetaka aonekane hivyo. Nilimfuata Magesa, maana wengine humsikiliza. Aliniambia, "Kalinga, mama yangu akiiona hiyo ataanza matanga."

"Haiendi kwa mama yako. Inaenda Chuoni."

"Ndiyo mbaya zaidi. Mama angelia, hao watacheka."

Hofu hiyo na mimi nilikuwa nayo.

Aliyetuokoa ni Mbuke, mama anayefunga majani kwenye vijiti. Alisema yeye hana koti la kuazima, kwa hiyo hana cha kupoteza. Akapanda juu ya lundo la kuni akasimama pale, mikono kiunoni. Hiyo ndiyo picha ya kwanza. Mwangalie Mbuke alivyo mdogo juu ya kuni hizo, kisha waambie wenzako lundo lote hilo ni la kukausha bani moja, mara moja tu. Picha ya pili ni Limbu amebeba gogo. Alikubali kwa sharti kwamba apigwe kwa nyuma, uso usionekane. Ya tatu ni kilima cha nyuma ya kambi. Nilipofika hapa tulikuwa tunakwenda kwa miguu kukata kuni palepale kilimani, leo tunazifuata kwa trekta na kurudi jioni. Unaona visiki tu.

Ya nne ilibidi ionyeshe mdomo wa tanuri na mtu anayechochea moto, usoni, maana bila mtu ni shimo tu. Hakupatikana. Basi mtu huyo ni mimi. Usishtuke ukiiona. Macho mekundu ni ya moshi. Shati unalijua, ni lile ulilonishonea ulipokuwa darasa la saba.

Sasa kuhusu kusimama kwako. Usiogope. Bwana shamba wetu akija kutufundisha, hutugeuzia mgongo akaisomea picha yake, na sisi husinzia. Wewe usifanye hivyo. Onyesha picha, unyamaze, waache waangalie mpaka waanze kujiuliza wenyewe, ndipo useme. Uliwahi kusimama mbele ya kanisa lote pale nyumbani Mlandege ukasoma somo la Pasaka hukukosea neno. Hao ni wanafunzi tu.

Ukifika kwenye picha ya nne, kama moyo wako utakuwa mzito, sema huyu ni mchochea moto wa bani, itatosha, sitakasirika. Kama utaweza, sema huyu ni baba yangu mdogo, Ambrosi Kalinga. Yote mawili ni kweli. Magesa anasema watacheka. Mimi nimeiangalia picha hiyo kwa siku kadhaa sasa, na sioni cha kuchekesha. Naona mtu yuko kazini.

Kwenye bahasha kuna picha ya tano, ile ya koti na ndege. Hiyo si ya Chuoni. Ukifunga masomo na kurudi nyumbani mpelekee bibi yako Verediana, aitundike.

Nisalimie baba yako, umwambie mahindi yale bado nayadai. Nisalimie mama yako Leokadia na wadogo zako wote. Mbuke na Limbu wanakusalimu. Magesa naye anakusalimu, na anaulizia kama kweli zitakuwa kubwa kama mlango wa kanisa, nadhani anaanza kujuta. Mungu akupe sauti siku hiyo na akulinde njiani.

Bani la mwisho litapoa mwezi wa tano, soko likiisha napanda basi. Mwezi wa sita, kabla hujarudi Chuoni, nitakuwa Mlandege. Njoo na ile ya nne. Tutaishusha ile ya ukutani, bibi yako tutampa zote mbili mkononi, nami nitasimama mbele yake bila koti, aseme mwenyewe mwanawe ni yupi.

Ni mimi baba yako mdogo nikupendaye sana,

Ambrosi Kalinga