Pikapu ya Kumfuata Enesi

Chapwa, Tunduma

Dada Dina,

Shikamoo. Hapa tu wazima, mahindi yamebeba vizuri.

Mwezi uliopita wifi yako Enesi alirudi kwao Ileje. Sababu utazisikia kwa watu, na nyingi ni za kweli. Njia ya huko ni tope tupu, basi nikainua pikapu: springi ndefu, shokapu mpya, matairi ya kashata yenye meno ya kushika tope. Fundi akauliza, "Unapanda mlima gani?"

"Wa baba mkwe."

Jumamosi nilifika bila kukwama. Enesi akaizunguka pikapu, akashika tumbo lake la miezi saba. "Nsajigwa, hapo juu napandaje?"

Tukaiacha kwa baba yake, tukateremka taratibu kwa miguu hadi barabarani kupanda basi la kurudi nyumbani, mkono wake begani kwangu.

Mdogo wako mwenye matope hadi magotini,
Nsajigwa