Mke Wangu Alimjibu Karani Mbele ya Baba

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla baba yangu hajamfukuza mke wangu. Mimi ni mkata mkonge huku upande wa Voi, kwetu ni Kisii, milimani juu ya Keumbu, nilisoma mpaka darasa la nne nikaacha, kwa hiyo nikiandika vibaya unisamehe.

Mwezi uliopita serikali ilituma makarani kwetu wapite nyumba kwa nyumba, walitaka kujua nchi inatumia kiasi gani kwa matibabu ya karibu, yale ya zahanati na chanjo na kliniki ya wajawazito, si yale ya hospitali kubwa, tena wajue na wananchi wenyewe wanatoa nini mifukoni mwao. Mimi sikuwapo. Habari nimeletewa na jirani yetu Ogari, tunayefanya naye kazi, alikuwa amekwenda livu na siku hiyo alikuwa ameketi uani na baba. Anasema karani, kijana mpole wa upande wa ziwani aitwaye Obiero, alifika na mzee wa kijiji, akamwuliza baba tangu mwaka jana nyumba hii imetumia nini kwa matibabu, baba akamjibu, "Hakuna. Dawa za serikali ni bure. Andika hakuna."

Karani akainamisha kichwa aandike. Ndipo mke wangu Bonareri, aliyekuwa mlangoni kwa mama akipepeta wimbi, akasema, "Usiandike hivyo, ndugu yangu. Dawa ni bure, kufika ndiko hakukuwa bure."

"Kufika wapi, mama?"

"Hospitali, kujifungua. Wanaume walinibeba kwa machela mpaka Keumbu, tukawalisha. Hapo tukakodi gari, na mbuzi wangu akaenda na hilo gari. Mtoto alizaliwa njiani, hakukaa duniani. Sasa andika."

"Huyo mbuzi nimwandike shilingi ngapi?"

"Mwulize mwenye gari, yeye ndiye aliyemla."

Ogari anasema watu walitaka kucheka, lakini baba alikuwa ameshasimama na kuondoka. Mshauri, kwetu kuna chinsoni, yaani ile heshima ya mkwe na mkwe, baba mkwe haingii hata nyumba ya mkazamwana wake, sembuse mkazamwana kutaja uzazi mbele yake, tena mbele ya wageni na mzee wa kijiji! Baba anasema ni sawa na kuvuliwa nguo. Ametuma neno kwa Ogari kwamba nimkaripie mke wangu, atoe mbuzi wa kuomba radhi, kisha aende kwa mzee wa kijiji aseme alidanganya ili karani afute. La sivyo mwezi ukiisha arudi kwao Kenyenya. Naye Bonareri amejibu kwamba radhi ataomba, lakini hatasema alidanganya. Na ana mimba tena, ya miezi saba.

Hapa kambini ninachekwa. Mwenzangu mmoja, Ongeri, ananiuliza kila asubuhi, "Bwana mkubwa, mama anagombea udiwani au ubunge?" Mimi ni kifungua mimba, shamba nimepewa na baba, siwezi kumtupa. Lakini nikikata mkonge najiuliza, amedanganya wapi? Mwaka jana mama alinitumia neno tu kwamba mtoto hakukaa, nikatuma pesa ya sukari, nikaendelea na kazi. Sasa nimkaripie mke, au nikosane na baba?

Mkata Mkonge, Voi


Ndugu yangu wa Voi, pole. Kwanza pole ya mtoto, maana naona huko kambini hakuna aliyekupa. Huyo Ongeri mwambie kama ana kura apige, kama hana anyamaze.

Mkeo usimkaripie. Baba yako naye usimwite mwongo. Aliulizwa gharama, akatazama mfuko wake, akakuta haukutoa kitu. Lakini nyumba kama yenu ni nyingi. Kila mzee akijibu "hakuna", wakubwa Nairobi watajumlisha hakuna na hakuna, waone watu wa milimani hawana shida, na zahanati itajengwa kwingine. Mbuzi wa Bonareri ni gharama ya nchi hii kama mshahara wa daktari. Asifutwe.

Hata hivyo heshima ya mzee si upuuzi. Aliyekosa ni yule aliyepanga swali la uzazi liulizwe uani, mbele ya baba mkwe. Angetumwa mwanamke akazungumze na wanawake jikoni, leo usingeniandikia. Baba aambiwe hivyo, apate pa kuiweka hasira yake. Usimwambie wewe, tafuta mtu wa rika lake anayeweza kumtania mpaka acheke. Mbuzi wa radhi mtoe wewe mwenyewe, na iwe wazi kwamba ni wa mahali maneno yaliposemwa, si wa maneno yenyewe.

Kisha omba livu sasa hivi. Usingoje mimba ifike mwezi wa tisa. Mtafutie mkeo pa kukaa mjini Kisii, kwa ndugu au kwa watu wa kanisa, ili uchungu ukimshika hospitali iwe karibu. Mkonge utakungoja, mtoto hangoji.

Jambo la mwisho, na hapa nakugombeza. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kama yule mtoto alikuwa wa kiume au wa kike. Hukuandika, na nadhani hujui. Mkeo amekaa na habari hiyo mwaka mzima, na wa kwanza kumwuliza amekuwa mgeni mwenye kalamu. Ndiyo maana alijibu, hata baba mkwe akiwapo. Ukifika nyumbani, kabla hujataja radhi wala karani, keti naye, umwulize wewe.