Glasi Iliyonishinda Kuonja

Kasulu, Jumapili jioni

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako, na mwandiko umeniharibikia. Ungeniona ungenicheka. Mwalimu mzima, anayewakaripia watoto wa Kumsenga kwa mwandiko mbaya, leo wake mwenyewe hausomeki.

Mwezi umepita tangu tukuzike. Mahindi ya nyuma ya nyumba tumevuna. Betri za redio yako zimekwisha na hakuna aliyethubutu kutia nyingine. Juzi Mama alipakua sahani tatu, akaitazama ile ya tatu, akaifunika.

Sasa nikuambie la jana, maana sina mwingine wa kumwambia.

Kaka yako, Baba Mkubwa, alikuja kutoka Mabamba kuondoa matanga. Kabla watu hawajatawanyika akasema mbele ya ukoo kwamba hajaridhika na kifo chako. Daktari alisema ni moyo. Yeye anasema moyo haumwangushi mtu aliyeshinda anacheka. Alikuwa amesikia kwa majirani kwamba jioni yako ya mwisho ulikunywa ile wiski yako ya kukoroga, kwamba aliyekuletea glasi ni Mama, na kwamba Mama hakuonja.

Unajua mambo ya kwetu. Anayekupa kinywaji anaonja kwanza, ndipo anakukabidhi. Asipoonja, watu wanajiuliza amekutilia nini. Lakini Mama aliokoka kabla mimi sijazaliwa, pombe haigusi, na wewe ulizoea kumtania mbele za watu, "Huyu mke wangu ataniua siku moja!" Ulikuwa unatania, Baba. Majirani wanayakumbuka maneno, kicheko chako wamekisahau.

Baba Mkubwa akanigeukia. "Yudita, wewe ndiye uliyefundishwa na baba yako. Kitengeneze kinywaji chake hapa hapa, kwa chupa ile ile. Onja, kisha unipe ninywe. Mkishindwa, mama yako afunge mizigo yake leo, nyumba ibaki ya ukoo."

Afunge mizigo aende wapi? Kwao hakuna aliyebaki hai.

Nilituma chupa ya chai kule resthausi, nyumba ya wageni ulikokuwa mpishi, wenzako wakaijaza barafu kutoka kwenye lile friji la mafuta ya taa, kama ulivyokuwa ukituletea Jumapili. Nikapanga vitu mezani. Mikono ilikumbuka kuliko kichwa. Asali kijiko kimoja na maji kidogo, kwa sababu sukari ilipoadimika madukani ulihamia asali ya Kibondo, ukaapa kwamba Bwana DC uliyempikia resthausi angeijua angeitupa sukari yake yote. Kisha yale matone ya dawa chungu ya kukolezea pombe, kutoka kile kichupa ulichoachiwa na mgeni wa resthausi. Matatu, ulisema siku zote, si zaidi.

Baba, yalianguka matano. Nikajua akiuonja uchungu ule atasema ni sumu, na kuanza upya nisingeweza, wiski ilikuwa imebaki ya glasi moja tu. Nikaimimina yote, nikatia barafu, nikakoroga. "Usitikise, koroga. Barafu isisikike." Jana ilisikika hadi uani. Nilikoroga mpaka glasi ikatoa jasho, nikakamulia ganda la chungwa juu yake, nikainyanyua.

Hapa nataka unisikilize vizuri.

Sikuonja. Ilifika mdomoni na mdomo ukakataa. Nilikuwa nimeikumbuka barua yako ya mwisho, ile uliyoniandikia kwamba mmegombana na Mama juu ya chupa hii, kwamba ameapa ataikomesha. Jioni ile mimi nilikuwa Kumsenga, sikuona kitu. Nikajiuliza, je, kama ni kweli? Nilimfikiria hivyo mama aliyenizaa, Baba, tena mbele ya watu. Haukuwa muda mrefu, lakini Mama alikuwa ananitazama mimi, hakuwa anamtazama Baba Mkubwa.

Akainuka. Akanitoa glasi mkononi taratibu, kama mtu anavyomtoa mtoto kisu mkononi, akanywa. Hakuonja kama watu wanavyoonja, alikunywa nusu nzima. Akakohoa, machozi yakamtoka, kisha akapiga goti na kumkabidhi Baba Mkubwa glasi kwa mikono miwili.

Baba Mkubwa akamaliza iliyobaki. Akaigeuza glasi tupu mkononi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo uchungu ule unatokana na nini. Nikamwonyesha kichupa, nikasema mkono wangu ulitetemeka. "Mdogo wangu na mambo yake ya Kizungu," akasema, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akautangazia ukoo kwamba nyumba ni ya Mama na asisikie tena maneno. Leo alfajiri amepanda basi kurudi kwake.

Kila mtu anasema yamekwisha. Kwangu bado.

Leo Mama hakwenda kanisani. Anasema hawezi kukaa na wenzake kabla hajasimama kukiri kwamba amekunywa. Hajanilaumu. Hajataja hata glasi. Aliniita tu mezani, akanimiminia chai, akakishika kikombe kwa mikono miwili. Kabla hajanipa, akaonja.

Hakufanya kwa hasira, Baba. Alifanya kama mtu anayemkaribisha mgeni, akanisogezea kikombe, akaenda kufagia uwanja. Nilikunywa chai yote na sikumbuki ilikuwa na ladha gani.

Ndiyo maana nakuandikia. Nilikuwa nimekusudia kurudi Kumsenga kesho, lakini siendi. Jumapili ijayo Mama atakaposimama mbele ya kanisa kukiri lake, nitasimama kando yake niseme langu, kwamba niliiogopa glasi kwa sababu nilimwogopa yeye. Na kabla ya hapo nitamwambia yeye mwenyewe, kwa mdomo huu huu, nikiwa nimepiga magoti. Nakuahidi, hata kama ataendelea kunionjea chai maisha yangu yote.

Pumzika, Baba. Mkeo hakukuua.

Binti yako,
Yudita