Mahari pa Kupanda

Jumapili. Asubuhi mvua, mchana jua la kuchoma, na sasa jioni kabla ya magharibi nimekaa jikoni na daftari hili. Goti linauma. Moyo sitaki kuuzungumzia.

Niseme kwanza: kosa ni langu. Wengine nitawagombeza huko mbele, lakini kosa ni langu.

Mjukuu wangu Zaituni ana miaka ishirini na miwili. Alikuwa mpiga chapa. Tangu wenye ofisi wafukuzwe nchini na mlango utiwe kufuli, amekaa nyuma ya pazia kama bibi harusi asiye na bwana. Gari likipunguza mwendo barabarani, kama yale yanayochukua watu, anaacha kutafuna. Na hapa Mbuya tuko chini ya kambi ya jeshi, magari yanapunguza mwendo kutwa. Basi mtoto hatafuni. Amekonda mpaka bangili zinamdondokea kwenye beseni la vyombo.

Rafiki yake ni mmoja tu, Kizito, karani wa wapima ardhi. Muganda, Mkatoliki, mrefu kama mlingoti. Mzungu mmoja mwalimu alimfundisha kupanda majabali kwa kamba. Si kwa kutafuta asali, si kwa kukimbia chui. Kwa starehe. Mzungu amekwenda kwao, kamba kaiacha: nyekundu, ya nailoni, mita arobaini. Kizito akaahidi kumfundisha Zaituni, na Zaituni akataka. Ilikuwa miezi sijamsikia akitaka kitu. Lakini kwenda milimani hakuwezekani, kila daraja lina askari, na hapa mjini, anasema Kizito, hakuna jabali lililojificha.

Mimi nikacheka. Lipo. Ng'ambo ya Kabalagala, upande wa ziwa. Zamani, mume wangu akiwa sajini katika jeshi la Waingereza, wake wa askari tulikuwa tukiponda kokoto huko. Leo matete yamefunika njia, na wenzangu wamekufa. Naijua mimi tu.

Ningenyamaza. Lakini mtu asiyesoma sana, siku akiulizwa jambo analolijua, hawezi kunyamaza.

Basi leo tukatoka watatu kwa miguu, kamba ndani ya kikapu changu, majani ya muhogo juu yake. Siku hizi mwenye kamba ndefu anafikiriwa mambo mawili: anataka kujinyonga, au anataka kupindua serikali. La kwanza wanakuruhusu.

Kabla ya Kabalagala, kizuizi. Magogo mawili na askari mmoja amekalia kreti ya bia. Akachokoa majani kwa mtutu wa bunduki.

“Mama, kamba hii ya nini? Nyinyi nakwenda wapi?”

Nikafungua mdomo, Kizito akanitangulia. Mwoga ana haraka ya kusema kweli. Na Waganda, Mungu awabariki, L na R kwao ni ndugu walionyonya ziwa moja.

“Afande, tunatafuta mahari,” akasema. “Mahari pa ku…”

Nikamkanyaga mguu. Mahali pa kupanda, ndilo alilotaka kusema. Mahali pa siri, penye kilele, panapoonekana ziwa na bandari. Angemaliza, saa hizi daftari hili lingekuwa linasomwa na mtu mwingine.

“Mahari,” nikadaka. “Ya mjukuu wangu huyu. Tunakwenda kwa wazee wa kijana kuchukua mbuzi.”

Askari akacheka mpaka kreti ikalia. “Mama mzima nafuata mahari kwa miguu? Kwetu mahari nakuja yenyewe.”

“Hata kwetu inakuja. Hawa wavivu.”

“Mbuzi ngapi?”

“Wanne.”

“Mbuzi ine, kamba moja?”

“Ndiyo maana ndefu.”

Zaituni akainamisha uso, askari akadhani ni haya ya mchumba. Akatupungia mkono. “Rudi na hapa hapa. Nataka kuona hiyo mbuzi.”

Nimeandika hayo na mashavu yananiwaka. Sisi Wanubi binti zetu tunafuatwa. Watu wanakuja na wazee wao, wanakaa mlangoni, tunawaweka mpaka miguu iwafe ganzi. Mimi, mjane wa sajini, nimesema barabarani kwamba nakwenda kuomba.

Jabali tulilipata. Nilipita mbele na panga, gurbaba, shuka yangu ya Kinubi, nimeifunga kiunoni. Nikakosea mara moja kwenye kinamasi, sikuwaambia, nikajifanya nachuma mboga. Kisha mikalitusi ikaachana, na lenyewe hilo hapo, jeusi, refu kuliko mnara wa msikiti, lina ufa kutoka chini mpaka juu kama kanzu iliyochanika. Mtu akipita barabarani haoni kitu.

Kizito akapanda kwanza, mimi nikimwachilia kamba.

“Jajja, usiiachie ghafla.” Jajja, yaani bibi kwao.

“Nimeshika watoto sita wakizaliwa. Wewe panda, usinifundishe kushika.”

Akaifunga kwenye mti huko juu, akateremsha ncha, Zaituni akajifunga kiunoni akaanza kupanda, Kizito akiivuta taratibu. Nilimgombeza njia nzima. Weka mguu, wewe. Si hapo. Mikono yako ya mashine ya chapa hiyo, kaza. Kufika katikati akakwama, akaning'inia pale kama nguo. Kisha nikamsikia anacheka. Alikuwa anacheka peke yake, uso kwenye jiwe.

Kutoka juu akaniita. “Habuba! Naiona bandari ya Port Bell. Meli inaondoka na mabehewa ya treni.”

Hivyo ndivyo tunavyoita bibi, Habuba. Alikaa kule juu muda mrefu akiitazama meli inakwenda Kenya na mabehewa yake, na sisi tumebaki.

Kurudi, hatukuwa na mbuzi hata mmoja. Njia nyingine inapita karibu na gereza, nani apite huko na kamba? Askari alikuwa amesimama.

“Mbuzi iko wapi?”

“Wamesema watawaleta wenyewe, Ijumaa. Nimewagombeza sana.”

Akamtazama Kizito mikono, imechubuka, ina damu. “Kijana, mkono namna gani hii?”

Kizito akaificha mgongoni. Hapo ndipo kiburi changu kiliponipanda kichwani. Nikamwambia, “Unamuuliza nini? Mimi mjane wa sajini. Nenda Mbuya, nyumba yenye mlango wa kijani, hakuna askari mzee ambaye hajala kwangu.”

Nani aliniuliza nyumba? Hakuna aliyeniuliza nyumba.

Askari akatabasamu. “Mzuri, mama. Ijumaa nakuja kula harusi. Nakuta mbuzi hakuna, nachukua bwana harusi na kamba yake.”

Tulitembea mpaka nyumbani.

Nimemuuliza Zaituni, unamtaka huyu mrefu? Akasema, “Habuba, mimi nataka kurudi kwenye jabali.” Na leo amekula sahani mbili. Gari limepita, limepunguza mwendo, ameendelea kutafuna. Sasa nimfanyeje mtu wa namna hiyo?

Nimemwambia Kizito akimbilie kwa mjomba wake kijijini. Amekaa kwenye kizingiti changu, anakwangua damu iliyokauka mikononi. Akisha kukimbia, anasema, Ijumaa watamchukua nani badala yake? Kweli, sikuwa nimefika huko. Kisha, bila kuniangalia: “Jajja, ulisema wanne?”

Anahesabu mahari kweli, Mkatoliki, na sisi Waislamu. Mume wangu huko aliko amegeuka ubavu.

Kesho asubuhi nabadilisha kuku wangu na mbuzi wa jirani. Wanne siwezi, mmoja nitampata. Nitamfunga mbele ya mlango wa kijani kwa kamba ile ile nyekundu, peupe, kila mtu aione. Kamba chini ya kitanda ni kesi. Kamba shingoni mwa mbuzi ni kamba tu. Atakuwa anafika mpaka kwa jirani wa tatu kula maua ya watu, na mimi nitagombana nao, hewala.

Ijumaa ikipita salama nitamfungua, kamba irudi jabalini. Mbuzi ni rahisi. Harusi iliyokwisha kuliwa na askari, hiyo inafunguliwaje?